Moyo Haungoji Amri ya Ubongo

Mabishano yalianza baada ya sala ya Isha, barazani kwetu, mtaa wa Mkomani hapa Lamu, na chanzo chake kilikuwa mgonjwa. Mzee mmoja wa mtaani alikuwa amelazwa Mombasa katika chumba cha wagonjwa mahututi, na jamaa zake walikuwa wamepigiwa simu na kuambiwa kwamba ubongo wake umekufa ingawa moyo bado unapiga. Mmoja wetu alisema maneno hayo hayaingii akilini, kwa kuwa ubongo ukifa moyo hauna tena wa kuuamrisha. Mwingine akadai kwamba moyo ule haupigi wenyewe, bali mashine ndiyo inayoupigisha. Ndipo mvuvi mmoja aliyepita miaka 70, ambaye muda wote alikuwa kimya, akanigeukia na kusema: "Maalimu, mimi nimepasua papa ufukoni Shela, nikautoa moyo nikautia kiganjani, na ukawa wapiga. Kichwa kiko kule mchangani. Sasa huo waamrishwa na nani?"

Swali hilo lilizima mabishano. Nililijibu usiku ule kwa haraka na vibaya. Hapa najaribu kulijibu kwa utaratibu, kwa sababu tangu wakati huo nimeyasikia maneno yale yale sokoni, chomboni baina ya Lamu na Mokowe, na katika video fupi zinazotumwa kwenye simu, ambamo kila msemaji anajiamini kupita kiasi cha anachokijua.

Sehemu ya utata inatoka kwenye lugha yetu wenyewe. Kiswahili kimeufanya moyo kuwa makao ya nia, huruma na ushujaa: tunasema fulani amekufa moyo ilhali anakula na kutembea, tunamtia moyo aliyeshindwa, na sisi watu wa pwani tukishtuka husema roho inadunda huku tumeshika kifua. Sina ugomvi na maneno hayo, lakini daktari anaposema moyo anakusudia kitu kimoja tu, nacho ni msuli wenye ukubwa wa ngumi ya mwenyewe, wenye vyumba 4, viwili vya juu vya kupokea damu na viwili vya chini vya kuisukuma. Pigo la moyo ni kujikaza na kulegea kwa msuli huo mara moja. Kwa mtu mzima aliyetulia mapigo huwa baina ya 60 na 100 kwa dakika, na kwa siku nzima hufikia takriban 100,000. Neva, kwa upande wake, ni nyuzi za fahamu zinazopeleka habari baina ya ubongo na viungo; tusizichanganye na mishipa ya damu, ingawa kwa mazoea vyote viwili tunaviita mishipa.

Msuli wa mkono hauna hiari yake. Ikikatwa neva inayouhudumia, mkono hulegea ukaning'inia, hata kama damu inaufikia vizuri. Aliyesema barazani kwamba moyo unahitaji wa kuuamrisha alidhani kwamba moyo ni msuli wa namna hiyo, na si yeye peke yake aliyedhani hivyo, kwani wataalamu nao walibishana kwa muda mrefu. Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2, aliandika kwamba moyo uliotolewa kifuani huendelea kupiga kwa muda, lakini sababu yake haikujulikana kwa karne nyingi. Hata katika karne ya 19 wapo walioshikilia kwamba lazima kuna vifundo vya neva ndani ya moyo vinavyoutuma, mpaka Walter Gaskell wa Cambridge, akifanya kazi kwa mioyo ya kobe katika miaka ya 1880, alipoonyesha kwamba pigo linazaliwa ndani ya msuli wenyewe. Anayefuga kuku anaweza kuliona jambo hili bila maabara yoyote: ukimulika kwa tochi yai lililoatamiwa siku 4 hivi, utaona nyuzi nyekundu nyembamba, na katikati yake nukta inayodunda, wakati kifaranga hajawa na ubongo wa kumwamrisha yeyote. Kwa binadamu moyo huanza kupiga takriban siku ya 22 baada ya mimba kutunga, kabla neva kutoka kwenye ubongo hazijaufikia.

Kwa hiyo amri inatoka wapi? Juu ya chumba cha kulia cha juu, karibu na mahali ambapo mshipa mkubwa huleta damu kutoka kichwani na mikononi, pana kipande cha nyama kilicho chembamba kuliko kokwa ya tende. Wataalamu hukiita nodi ya sinoatria. Mimi nitakiita fundo la mwanzo. Kiligunduliwa Uingereza na Arthur Keith na mwanafunzi wake Martin Flack, waliochapisha habari zake mwaka 1907, na inapendeza kukumbuka kwamba Flack alikiona kwanza katika moyo wa fuko, yule mnyama mdogo anayechimba chini ya ardhi, ambaye hakuna aliyetarajia awe na lolote la kuwafundisha matabibu.

Ili kuelewa kinachotendeka ndani ya fundo hilo, chukua kata ya kifuu na uiegemeze kwenye ukingo wa birika kwa namna ambayo ikijaa itapinduka, kisha uache bomba lidondoke juu yake tone baada ya tone. Hakuna anayeishika kata hiyo. Inajaa polepole, inafika mahali uzito unaizidi, inapinduka, inamwaga maji, inarudi mahali pake, na matone yanaanza kuijaza upya. Mtu aliyelala chumba cha pili atayasikia maji yakimwagika kwa kipimo kile kile usiku kucha, na anaweza kuapa kwamba kuna mtu anayehesabu.

Kila seli ya fundo la mwanzo ni kata ya namna hiyo, isipokuwa kinachojaa ndani yake si maji bali chaji ya umeme inayobebwa na chumvi zilizoyeyuka. Seli za kawaida za msuli, zikishamaliza kujikaza, hutulia zikingoja kushtuliwa. Seli za fundo hazijui kutulia: mara tu zinapomaliza, vijilango kwenye ngozi yao hufunguka na kuachia sodiamu iingie kidogo kidogo, na hayo ndiyo matone. Chaji ikifika kiwango fulani, milango mingine hufunguka kwa ghafla na kalsiamu huingia kwa wingi. Hapo kata imepinduka na ishara ya umeme imetoka. Kisha potasiamu hutoka nje, seli hurudi ilikokuwa, na vijilango vya sodiamu vinaanza tena. Watafiti walioueleza mkondo huo wa sodiamu mwaka 1979 waliona kwamba unafunguka wakati ambapo mikondo mingine hufungwa, wakaupa jina ambalo kwa Kiswahili tungesema mkondo wa kichekesho, na vitabu vizito vya tiba vinalitumia jina hilo mpaka leo bila kucheka. Umeme wenyewe ni mdogo sana, haufiki hata moja ya kumi ya nguvu ya betri moja ya tochi, na hauhusiani na ule wa ukutani.

Kwamba chumvi hizi ndizo kiini cha jambo lenyewe, binadamu alijifunza kwa bahati. Katika miaka ya 1880 daktari Sydney Ringer wa London alikuwa akiendesha mioyo ya chura nje ya mwili kwa kuipitishia maji ya chumvi, na ilipiga vizuri. Baadaye aligundua kwamba msaidizi wake alikuwa akitengeneza mchanganyiko ule kwa maji ya bomba, na alipourudia kwa maji safi yaliyotoneshwa, yaani yaliyoondolewa madini, mioyo ilidhoofika ikasimama. Maji ya bomba ya London yana kalsiamu, na ndiyo iliyokuwa ikikosekana. Sisi tuliokulia kwenye maji ya visima, ambamo sabuni hugoma kutoa povu, hatuna budi kuelewa upesi kuliko wengi kwamba maji na maji si kitu kimoja.

Fundo lina maelfu ya seli kama hizo, nazo hazipigi kila mmoja kwa wakati wake, kwa sababu zimeunganishwa kwa vitundu vidogo ambavyo umeme hupita. Kata moja ikipinduka inaigonga ya jirani, nayo inapinduka. Seli za moyo zikitenganishwa na kuwekwa katika sahani ya maabara, nyingine huanza kudunda kila moja kivyake. Zikikua mpaka zikagusana, hudunda pamoja. Kwa utaratibu huo, ile inayojaa haraka kuliko zote huwa kiongozi wa wote, bila kuteuliwa na yeyote.

Kutoka hapo ishara huenea katika vyumba vya juu, navyo hujikaza. Baina ya juu na chini pana ukuta wa nyuzi usiopitisha umeme, na katika ukuta huo mna kichochoro kimoja tu, ambacho Mjapani Sunao Tawara alikieleza mwaka 1906 alipokuwa akifanya kazi Ujerumani. Ndani ya kichochoro hicho ishara hupunguza mwendo na kuchelewa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Uchelewaji huo si hitilafu. Vyumba vya chini vinapewa muda wa kujaa damu kabla ya kusukuma, kama vile nahodha hang'oi nanga hali abiria wengine bado wako gatini. Baada ya hapo ishara hukimbia kwenye nyuzi za kasi na kuvifikisha vyumba vya chini kwenye kujikaza karibu kwa pamoja.

Yapo mengine ya kushangaza zaidi. Kile kichochoro nacho kina seli zinazojaa zenyewe, ila polepole, kiasi cha kuleta mapigo 40 hadi 60 kwa dakika, na nyuzi za chini zaidi zinaweza kuleta 20 hadi 40. Siku zote hazisikiki, kwa kuwa kabla hazijajaa fundo la mwanzo limekwisha kuzipindua. Fundo likichoka au kichochoro kikiziba, hizo za chini hushika usukani. Mtu hafi papo hapo, lakini akiwa na mapigo 30 huona kizunguzungu, huchoka kwa kupanda ngazi chache, na wakati mwingine huanguka. Huyo ndiye anayewekewa kifaa kiitwacho pesimeka, ambacho kazi yake ni kuipindua kata kwa wakati. Cha kwanza kupachikwa ndani ya mwili wa mtu kiliwekwa Sweden mwaka 1958, kwa Arne Larsson. Kilidumu saa chache tu, akawekewa kingine, na katika maisha yake akapitia zaidi ya 20. Alifariki mwaka 2001 akiwa na miaka 86, akiwa ameishi kuliko daktari aliyempasua na mhandisi aliyekiunda.

Ikiwa ni hivyo, neva zinazotoka kwenye ubongo kuja moyoni zina kazi gani? Tazama punda wa Amu, yaani Lamu hii yetu. Miguu ni yake na mwendo ni wake; ukimwacha bila mtu atafika nyumbani. Aliyempanda hamtembezi kwa maana ya kumwinulia miguu, bali humharakisha na kumzuia. Neva nazo ni za aina mbili: zipo zinazoongeza matone, nazo hufanya kazi unapokimbia, unapoogopa au unapokasirika, na ipo neva ndefu iitwayo vegasi, inayoshuka kutoka chini ya ubongo, ambayo huyapunguza. Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba, mtu akiwa ametulia, kazi kubwa ya ubongo kwa moyo ni kuzuia. Fundo la mwanzo likiachwa peke yake hupiga takriban 100 kwa dakika. Zile 70 unazozihesabu ukiwa umekaa barazani ni kwa sababu hatamu zimevutwa.

Namna neva inavyolizuia fundo ilijulikana kwa jaribio zuri kuliko yote ninayoyafahamu katika somo hili. Otto Loewi, akiwa Graz nchini Austria, aliota usiku jinsi ya kulifanya, akaamka akaandika kikaratasi, na asubuhi akashindwa kusoma mwandiko wake mwenyewe. Ndoto ikarudi usiku uliofuata. Safari hii hakuandika, alikwenda maabara moja kwa moja. Alichukua mioyo miwili ya chura iliyokuwa ikipiga nje ya mwili, akaichokoza neva ya vegasi ya moyo wa kwanza mpaka ukapunguza mwendo, kisha akachukua maji yaliyouzunguka akayapitisha kwenye moyo wa pili, ambao haukuguswa neva yoyote. Nao ukapunguza mwendo. Neva ilikuwa imetoa dawa ndani ya maji. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1921, na mwaka 1936 Loewi akapewa tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale.

Ushahidi kwa binadamu ulikuja kutoka Afrika. Tarehe 3 Desemba 1967, Cape Town, Christiaan Barnard alipandikiza moyo wa mtu mmoja ndani ya kifua cha mwingine kwa mara ya kwanza. Mgonjwa aliishi siku 18 na kufa kwa homa ya mapafu, lakini moyo ulipiga, na tangu hapo maelfu ya watu wamepandikizwa. Moyo unapohamishwa neva zake zote hukatwa, na daktari haziungi. Waliopandikizwa huwa na mapigo ya karibu 90 hadi 100 hata wakiwa wamekaa, kwa kuwa hatamu hazipo, na wakianza kukimbia moyo wao huchelewa dakika kadhaa kushika kasi, mpaka adrenalini, kichocheo ambacho mwili hutoa wakati wa hofu au kazi, iufikie kwa njia ya damu.

Sasa tunaweza kumrudia mgonjwa wa Mombasa. Moyo hauuhitaji ubongo, lakini pumzi inauhitaji. Kila unapovuta hewa, amri imetoka kwenye shina la ubongo, sehemu ya chini kabisa inayoungana na uti wa mgongo. Shina hilo likifa, kifua hakiinuki tena, na hakuna fundo mapafuni la kuchukua nafasi yake. Mashine iliyo kando ya kitanda inasukuma hewa ndani ya mapafu, haiugusi moyo. Damu inapata oksijeni, seli za fundo zinapata nguvu ya kuendesha kazi yao, na moyo unaendelea kwa sababu haukuwahi kumtegemea aliyekufa. Mashine ikiondolewa, oksijeni hupungua na moyo husimama baada ya dakika kadhaa. Moyo wa papa nao ulisimama mwishowe kiganjani kwa sababu iyo hiyo, ila wanyama wa damu baridi hutumia oksijeni kidogo, kwa hiyo mioyo yao huvumilia zaidi. Jamaa wa mgonjwa wakimwona ana joto, na kijistari cha moyo kikipanda na kushuka kwenye kioo, wana haki ya kutatizika. Kinachopimwa na madaktari wakati huo si moyo, bali ni kama shina la ubongo lina uhai, na mojawapo ya vipimo ni kutazama kama mgonjwa atajaribu kupumua mwenyewe.

Kama hali hiyo ni mauti kwa hukumu ya dini, si mimi wa kusema, na maulamaa hawakuwa na kauli moja. Baraza la fikihi la nchi za Kiislamu lililokutana Amman mwaka 1986 lilikubali kwamba kufa kwa ubongo wote bila matumaini ya kurudi ni mauti. Jopo jingine, huko Makka, mwaka uliofuata, liliruhusu mashine iondolewe lakini likasema asihukumiwe kuwa maiti mpaka pumzi na moyo visimame. Familia ina nafasi ya kumuuliza shekhe wake, na afadhali aende akijua mashine ile inafanya nini hasa.

Zile video za simuni husema pia kwamba moyo una ubongo wake. Ni kweli kwamba juu ya moyo pana makumi ya maelfu ya seli za neva, nazo husaidia kurekebisha mwendo, lakini hazifikirii, hazikumbuki, wala si zinazozalisha pigo. Nyingine hudai kwamba ukipiga chafya moyo husimama. Hausimami, ingawa pigo moja linaweza kuchelewa kidogo kwa sababu ya shinikizo la kifuani.

Linalostahili uangalifu zaidi ni kuchanganya mshtuko wa moyo na kusimama kwa moyo. Mshtuko wa moyo ni kuziba kwa mshipa unaoulisha msuli wa moyo. Mgonjwa mara nyingi huwa macho, analalamika maumivu ya kifua, na moyo unapiga. Kusimama kwa moyo ni hali ambayo damu haisukumwi tena, mtu anaanguka ghafla bila fahamu. Mara nyingi wakati huo fundo halijafa: vyumba vya chini vimeingiwa na fujo, kata zote zinapinduka ovyo, na msuli unatetemeka badala ya kukaza. Hayo yalimpata mchezaji Christian Eriksen wa Denmark, Juni 2021, mbele ya macho ya dunia. Mashine ya kushtua haiwashi moyo kama mtu anayewasha injini, inafanya kinyume chake: inazima fujo yote kwa mara moja, ili fundo la mwanzo lipate nafasi ya kushika uongozi tena. Ndiyo maana madaktari hawamshtui mtu ambaye mstari wake umelala kabisa. Hapo hakuna fujo ya kuzima. Na mpaka mashine ifike, kukandamiza kifua kwa nguvu na kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika ndiko kunakofikisha damu kwenye ubongo.

Yule mvuvi alitaka kitu cha kushika mkononi, na kipo. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, uhesabu mapigo ukiwa umetulia. Vuta pumzi ndefu polepole, kisha uitoe polepole zaidi. Unapovuta, mapigo hukaribiana kidogo. Unapotoa, huachana, kwa kuwa neva ya vegasi hulegeza hatamu na kuzivuta tena kwa kufuata pumzi. Kwa wazee tofauti hiyo ni ndogo na kwa watoto ni kubwa. Usiku ule mvuvi alijishika mkono wake akasema hasikii chochote, kisha akamshika mjukuu wake wa miaka 9 aliyekuwa amelala mapajani mwake, akanyamaza akihesabu.